Picha za milima zinafifia: tatizo ni lenzi, setingi au hewa ya Mbeya?

#1 Mwana wa Loleza
Wadau, habari za jioni. Natumia Canon 700D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Napiga kwa kupenda tu, si biashara: milima, soko la Mwanjelwa asubuhi, wanangu, na ndege nikibahatika.

Kitu cha karibu kinakaa vizuri. Lakini nikipanda mlima Loleza nikaielekeza kamera mlima Rungwe, au nikisimama kwenye kona za kwenda Matamba nikapiga bonde la Usangu kule chini, picha inatoka imefifia, rangi zimekufa, na nikiikuza kwenye kompyuta miti haina kingo. Apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) naweka f/22, maana nilisoma kwamba mandhari ya mbali unafunga apacha kabisa ili kila kitu kiingie kwenye fokasi. ISO 100. Shata (muda wa kuingiza mwanga) inajichagulia yenyewe.

Nina laki nne ya kuongeza lenzi moja. Rafiki mmoja anasema 50mm f/1.8. Mwingine anasema 75-300 ili milima niivute karibu. Wa tatu anasema nisinunue chochote. Naomba kwanza nielewe kinachoharibu picha, ndipo tuje kwenye lenzi.

#2 Kijana wa Kabwe
Weka picha mkuu, tusipige ramli.

#3 Mwana wa Loleza
Nimeambatanisha mbili. Ya kwanza Rungwe kutoka Loleza, saa 6 mchana, 55mm, f/22, 1/50. Ya pili mwanangu amekaa mlangoni, 35mm, f/5, 1/200.

#4 Gangilonga
Kamwene kutoka Iringa. Jibu liko kwenye swali lako: f/22. Tundu likiwa dogo kiasi hicho mwanga unapopita unatawanyika kwenye kingo zake, na kila nukta ya picha inavimba kidogo na kuingia kwenye jirani yake. Kwa sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo kama ya 700D hali hiyo inaanza kuonekana ukipita f/11, na f/22 inakula kila kitu. Ile 18-55 inatoa picha safi zaidi kwenye f/8. Halafu kitu kilicho kilomita nyingi kutoka ulipo hakihitaji f/22 kabisa. Rungwe yote iko mbali, hakuna cha karibu cha kukiingiza kwenye fokasi. Ungekuwa na jiwe mbele ya miguu yako na mlima nyuma yake, hapo tungejadili f/11.

Weka f/8, fedha yako itulie mfukoni.

#5 FundiKioo
Naheshimu maelezo ya #4 ila mimi nafungua lenzi hapa Mwanjelwa, na asilimia kubwa ya wanaokuja na malalamiko kama haya, tatizo liko ndani ya kioo. Fanya hivi. Toa lenzi kwenye kamera, ondoa vifuniko vyote viwili. Ingia chumba chenye giza. Washa tochi ya simu, iweke upande wa mbele wa lenzi, kidogo pembeni, wewe chungulia kwa nyuma huku unaizungusha taratibu. Vumbi chembe mbili tatu lisikusumbue, haliharibu kitu. Ukiona nyuzi nyembamba nyeupe zinatambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, hiyo ni kuvu. Ukiona utando mweupe umetanda kioo kizima, hiyo ndiyo inayoua rangi hata kama fokasi iko sawa.

Kamera uliinunua mpya au mtumba?

#6 Mwana wa Loleza
Mtumba, kaka. Nitajaribu hiyo ya tochi usiku huu.

#7 Hamsini na Saba
Wote mmeruka kitu kinachoonekana kwa macho. Hiyo ni hewa. Mimi mzaliwa wa Matamba, hizo kona 57 za kutoka Chimala nazipanda tangu utoto, na bonde la Usangu nimelitazama kila mwezi wa mwaka. Kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza watu wanachoma mashamba, moshi na vumbi vinakaa hewani, hata jicho lenyewe halioni mwisho wa bonde. Mwezi wa nne au wa tano, mvua ikikatika mchana, unaweza kuhesabu mapaa ya bati kule chini. Mleta mada hajasema picha kaipiga mwezi gani.

Lenzi haiwezi kupenya moshi, hata iwe ya milioni kumi.

#8 ukungu_wa_tukuyu
Na mimi niongeze langu. 1/50 kwenye 55mm ni shata ya polepole kwa kamera ya mkononi. Kanuni ya zamani inasema shata isipungue moja juu ya namba ya mm ya lenzi, na kwa kamera hizi za Canon zenye sensa ndogo unazidisha kwanza mara 1.6. Yaani 55 inahesabiwa kama 88, shata iwe 1/100 kupanda juu. Kule Loleza ni zaidi ya mita 2,600 na upepo wake unaujua. IS (kituliza mtetemo cha ndani ya lenzi) inasaidia mkono unaotetemeka kidogo, mwili mzima ukisukumwa na upepo ni jambo jingine.

#9 Kijana wa Kabwe
Majibu manne, magonjwa manne. Mgonjwa atapona kweli? 😂

Mimi Rungwe naipiga kwa simu inatoka bluu safi.

#10 Kipengere
Nafundisha fizikia, niruhusuni kutenganisha mambo mawili ambayo uzi huu unayachanganya. Kingo za miti kupotea ni jambo moja. Rangi kufifia ni jambo jingine. Alichosema Gangilonga kuhusu f/22 ni kweli, lakini kinagusa kingo, hakiwezi kuua rangi ya mlima mzima. Alichosema Hamsini na Saba ni kweli pia, na kinagusa rangi zaidi: chembe za hewani zinatawanya mwanga, ule mwanga uliotawanyika unajiweka juu ya kila kitu kilicho mbali, kwa hiyo weusi wa kivuli unakuwa kijivu. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo kinavyofifia. Mtoto mlangoni yuko mita mbili, hakuna hewa ya kutosha katikati.

Nimekagua pia namba zake. Jua la wazi mchana, f/16, shata inakuwa karibu moja juu ya ISO, yaani 1/100 kwa ISO 100. Akifunga hadi f/22 mwanga unapungua nusu, shata inashuka 1/50. Ndiyo hiyo hiyo aliyoiandika. Kwa hiyo kipimo cha kamera kiko sawa, hatuna haja ya kukitilia shaka.

Na Kijana wa Kabwe, simu yako haioni vizuri kuliko kamera yake. Simu inapiga fremu kadhaa kwa mpigo, inaziunganisha, inaongeza utofauti wa mwanga na kivuli, inakolea bluu, kisha ndiyo inakuonyesha. Yeye anaweza kufanya hivyo mwenyewe kwenye kompyuta akipiga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata).

#11 Kijana wa Kabwe
Sawa mwalimu. Ila mimi nakaa tu simu inafanya, yeye anakesha na kompyuta.

#12 Msembe
Habari za humu. Kuna jambo la tano hamjaligusa. Kutoka Loleza kwenda Rungwe macho yanapita juu ya jiji zima, na saa 6 mchana mabati yote yale yamepata moto. Hewa ya moto inapanda, inacheza, na chochote unachokitazama kupitia hewa hiyo kinatetemeka. Sisi tunaopiga wanyama Ruaha tunakutana nayo kila siku kiangazi: tembo amesimama upande wa pili wa mto, mchanga katikati umechemka, lenzi nzuri, stendi ya miguu mitatu, shata 1/1000, na bado picha inatoka na kingo zinazoyumba. Saa 1 asubuhi mahali pale pale, tembo yule yule, unaona hadi mikunjo ya ngozi.

Mleta mada apige asubuhi.

#13 FundiKioo
Mwalimu hapo #10 umesema vizuri lakini umesahau kwamba utando ndani ya lenzi nao unaua rangi, na unaonekana zaidi ukielekeza lenzi kwenye anga kubwa lenye mwanga kuliko ukipiga mtoto kivulini mlangoni. Kwa hiyo picha zake mbili hazithibitishi kwamba ni hewa.

#14 Kipengere
Hoja nzuri hiyo FundiKioo, naikubali. Basi tusubiri tochi.

#15 Mama Chai
Nawasalimu kutoka Mufindi. Wakati tunasubiri tochi, tuje kwenye lenzi maana laki nne hiyo itaisha kwenye mahindi. Mimi napiga watu, hasa wachumaji wa chai. Nina 50mm f/1.8 STM ya Canon, ile iliyotoka 2015. Ina uzito wa gramu 160 tu, unasahau kwamba imo kwenye mkoba. Kwenye 55mm lenzi yako inafungua hadi f/5.6 peke yake. Hii inafungua f/1.8, na ukipiga hesabu ni karibu mara 10 ya mwanga. Kwa nchi yetu ambayo ukungu unaweza kukaa mpaka saa 4 asubuhi, mara 10 ni tofauti ya kupiga na kutopiga.

Vidole vya mchumaji vinakwenda haraka sana, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na kwa 1/125 vidole vinatoka vivuli. Inabidi 1/500. Kwa 18-55 asubuhi ile ningelazimika kupandisha ISO mpaka chembechembe zitawale picha. Kwa 50 nikiwa f/2.8 nabaki ISO 400, kijani cha jani kinabaki kijani, na matone ya umande kwenye mkono wa sweta yanahesabika.

#16 Gangilonga
Mama, lenzi hiyo naipenda na ninayo. Ila mweleze mtu kwamba kwa 700D 50mm inaonyesha eneo jembamba, kama lenzi ya 80 hivi. Ndani ya nyumba ya kawaida ukitaka kupiga familia nzima utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge kabati. Kwa ndani bora 24mm f/2.8 STM, ile bapa. Na kwa milima aliyoiuliza hizi zote mbili hazimpi kitu ambacho 18-55 kwenye f/8 haimpi.

#17 Hamsini na Saba
Naunga mkono. Mtu kauliza milima, anapewa lenzi ya sura za watu.

#18 Mama Chai
Kasema pia soko la Mwanjelwa asubuhi na wanawe. Rudi #1, mwanangu.

#19 Hamsini na Saba
Shikamoo mama, nimesoma tena. Ni kweli.

#20 Msembe
Kasema na ndege. Kwa hiyo mimi napiga kura ya 55-250 IS STM, na ninamwomba asichukue 75-300. Kwenye karatasi 300 ni kubwa kuliko 250, na ndiyo maana watu wengi wanaichukua. Lakini 75-300 III haina IS kabisa. 300 mara 1.6 ni 480, kwa hiyo ukishika mkononi unatakiwa ukimbie 1/500, na apacha yake mwishoni ni f/5.6, asubuhi huo mwanga unautoa wapi? 55-250 ina IS, ni nyepesi, na fokasi yake haina kelele ya kumfukuza ndege. Zote mbili mtumba zinapatikana kwa fedha hiyo au karibu yake, inategemea na muuzaji.

Nikiwa kwenye gari naweka mfuko mdogo wa maharage kwenye dirisha, lenzi inalala juu yake, dereva anazima injini. Maharage makavu yanajipanga yenyewe kufuata umbo la lenzi. Injini ikiwaka hata mfuko haukusaidii, mtetemo unapanda kupitia mlangoni.

#21 Kijana wa Kabwe
Na jioni mnayapika hayo maharage.

#22 Msembe
Siku ya mwisho ya safari, ndiyo.

#23 parachichi_la_busokelo
Samahani naingilia uzi. Mimi nina Nikon D3500, nimeuziwa 50mm f/1.8D, fokasi haifanyi kazi kabisa, inabidi nizungushe kwa mkono. Muuzaji anasema kamera ndiyo mbovu. Ni kweli?

#24 Gangilonga
Si mbovu, na lenzi si mbovu. Lenzi za Nikon zenye herufi D hazina mota ndani, zinategemea mota iliyo kwenye mwili wa kamera, na familia za D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Ulihitaji yenye AF-S, yaani yenye mota yake ndani, kwa mfano 35mm f/1.8G ya DX au 50mm f/1.8G. Hii uliyonayo inapiga picha nzuri sana kwa fokasi ya mkono. Tazama kitone cha kijani chini kushoto ndani ya kitundu cha kuchungulia, kinawaka fokasi ikikaa. Wote mnaonunua mtumba wa Nikon, someni herufi kabla ya bei.

#25 parachichi_la_busokelo
Ndaga fijo kaka. Kitone nimekiona.

#26 Mwana wa Loleza
Nimerudi na majibu. Tochi: kuna vumbi, na karibu na ukingo kuna kitu kama unywele mmoja mweupe, mfupi. Sijui ni kuvu au uzi wa kitambaa. Utando sioni.

Leo alfajiri nimepanda tena. Saa 1 kamili, f/8, ISO 200, 1/200, kamera nimeiegemeza kwenye jiwe na kuweka ile ya kujipiga baada ya sekunde 2. Tofauti ni kubwa. Msitu wa Rungwe unaona mikunjo ya mabonde yake. Nimeambatanisha.

#27 Gangilonga
f/8 hiyo.

#28 Msembe
Saa 1 asubuhi hiyo.

#29 ukungu_wa_tukuyu
1/200 na jiwe.

#30 Kipengere
Ndugu zangu, kabadilisha vitu vitano kwa mpigo: saa, apacha, ISO, shata, na namna ya kushika. Kila mmoja wenu anachukua kimoja na kusema ni chake. Mleta mada, nikuombe hivi. Siku moja, saa 6 mchana ile ile, kamera juu ya jiwe, piga f/8 na f/22 bila kugusa kitu kingine, shata ijirekebishe. Halafu chukua f/8 hiyo hiyo mkononi. Ukimaliza tutajua angalau moja.

Jambo jingine la kukagua: 700D haina sehemu ya kurekebisha fokasi ya lenzi ndani ya menyu. Kama fokasi ya kwenye kitundu inakosea kidogo, hutajua kamwe ukitumia kitundu peke yake. Washa skrini ya nyuma, kuza mara 10 juu ya ukingo wa mlima, weka fokasi pale, piga. Kisha piga kwa kitundu. Picha mbili zikitofautiana, kosa ni la fokasi, na f/22 yenu yote haihusiki.

#31 Kijana wa Kabwe
Ugonjwa wa sita huo.

#32 ukungu_wa_tukuyu
Kuhusu ule unywele mweupe, kaka usiudharau. Huku Tukuyu mvua haituachi, na kuvu ndiyo adui wa kamera kuliko wezi. Inapenda giza, unyevu, na hewa iliyosimama, yaani mkoba wa ngozi uliofungwa chini ya kitanda. Mimi natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ndani vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, na kile kipimo kidogo cha unyevu. Nikikiona kinapanda zaidi ya 60 nabadilisha vifuko. Vilivyolowa navikausha kwenye sufuria kwa moto mdogo sana.

#33 parachichi_la_busokelo
Mbona watu wanasema mchele unatosha?

#34 FundiKioo
Mchele una unga. Unga unaingia kwenye pete ya zumu, kisha unakuja kwangu. Ukiutaka basi ufunge kwenye kitambaa kizito, lakini silika inafanya kazi bora.

Mwana wa Loleza, uzi wa kitambaa hauna matawi. Kuvu inagawanyika kama mizizi. Itazame tena kwa kioo cha kukuzia. Kama ni kuvu ndogo ya ukingoni, haiharibu picha yako leo, ila itakua, na asidi yake inatafuna ile rangi iliyopakwa juu ya kioo. Ikishatafuna, kusafisha hakuirudishi.

#35 Hamsini na Saba
Bibi yetu mmoja huku alikuwa anaweka kamera juani nusu saa kila Jumamosi. Mpaka leo lenzi yake safi.

#36 FundiKioo
Jua linaua kuvu changa kweli, ila joto linayeyusha grisi ndani, na grisi ikipanda kwenye bapa za apacha zinaganda. Kivulini penye upepo inatosha. Kilichoisaidia ya bibi ni kwamba ilitoka sandukuni kila wiki.

#37 Mwana wa Loleza
Mwalimu Kipengere, jaribio limefanyika mchana wa leo. Juu ya jiwe, f/8 na f/22: kingo za f/8 ni safi zaidi, hakuna ubishi. Mkononi f/8: karibu sawa na ya jiwe. Kwa skrini na kwa kitundu: siwezi kuona tofauti. Lakini rangi zimefifia katika zote, kama picha ya kwanza. Ya asubuhi bado inazishinda kwa mbali.

#38 Gangilonga
Basi kingo tumezimaliza, ni f/22.

#39 Hamsini na Saba
Na rangi tumezimaliza, ni hewa.

#40 FundiKioo
Rangi hazijaisha. Asubuhi jua lilikuwa upande gani? Kutoka Loleza, Rungwe iko kusini mashariki. Jua la asubuhi linatokea karibu na huko huko, mwanga unapita ubavuni mwa mabonde na vivuli vinajitokeza. Mchana jua liko utosini, mlima hauna vivuli. Hata hewa ingekuwa safi kama ya Mei, mchana mlima ungetoka bapa. Aazime lenzi nyingine ya mtu, apige saa ile ile. Ikififia nayo, nitanyamaza.

#41 Msembe
Hapo FundiKioo kanena. Pia kuna kioo cha polaraizi, kile unachokizungusha mbele ya lenzi. Kinapunguza huo mwanga uliotawanyika, hasa ukiwa na jua begani, upande wa kushoto au kulia. Ukielekeza jua usoni au mgongoni kinafanya kidogo sana. Na kinakula mwanga stopu moja mpaka mbili (kila stopu inapunguza mwanga nusu), kwa hiyo si cha kuacha kwenye lenzi siku zote. Kwa kipenyo cha lenzi yake, 58mm, hakimalizi laki nne.

#42 Mwana wa Loleza
Na ile UV (kioo cha kuzuia mionzi ya urujuanimno) aliyoniwekea muuzaji mbele ya lenzi? Aliniambia inaondoa ukungu wa mbali.

#43 Kipengere
Ilisaidia filamu. Sensa ya kamera ya kidijitali tayari ina kizuizi cha UV mbele yake. Inakinga kioo chako na mchanga, basi. Kama ni ya bei rahisi, nayo inaweza kuwa ndiyo inayofifisha rangi ukielekea mwanga. Itoe, piga, linganisha.

#44 FundiKioo
Mnaona? Kila mtu kazungumzia hewa wakati mtu ana kioo cha ziada mbele ya lenzi, na hakuna aliyemuuliza, hata mimi.

#45 Kijana wa Kabwe
Wa saba. Naacha kuhesabu.

#46 sendofu_njombe
Uzi mzuri. Naomba kwa mlio na uzoefu wa ndani ya kanisa. Nikipiga bibi harusi, shela linakuwa kijivu na sura nyeusi. Naambiwa kwa ngozi zetu uongeze mwanga siku zote. Ni sawa?

#47 Mama Chai
Si siku zote. Kamera haijui sura wala shela. Inataka jumla ya kilichojaza fremu iwe kijivu cha kati. Shela jeupe likijaza fremu, inaogopa, inapunguza mwanga, shela linakuwa kijivu na sura inazama. Hapo ongeza +1 au zaidi kidogo. Lakini ukimsogelea mchumaji mwenye ngozi nyeusi aliyevaa sweta jeusi, sura na sweta vikajaza fremu, kamera inafanya kinyume: inaongeza mwanga, na ngozi inapauka, inapoteza ule mng'ao wake. Hapo napunguza, -0.7 hivi. Ngozi nyeusi iachwe iwe nyeusi, ina rangi nyingi ndani yake: nyekundu kidogo shavuni, bluu ya anga kwenye paji. Ukiipausha umezifuta.

Kinachosumbua watu wengi ni sura kukaa mbele ya anga jeupe au dirisha. Mgeuze mtu. Mlete mlangoni, nje pakiwa mbele yake, wewe usimame nje. Hiyo picha ya pili ya mleta mada, ya mtoto mlangoni, ndivyo ilivyo, na ndiyo nzuri kuliko zote alizoweka humu.

#48 ukungu_wa_tukuyu
Niongeze kuhusu kanisa. Tazama juu kwanza. Makanisa mengi yetu yameweka bati mbili tatu za plastiki za kijani au bluu ili mwanga uingie. Waliokaa chini yake watatoka kijani, na waliokaa chini ya taa watatoka njano, ndani ya fremu moja. Hakuna setingi inayowatibu wote. Mimi naongea na mzee wa kanisa mapema, viti vya maharusi visogezwe hatua tatu. Huwa wanakubali ukieleza kwa adabu.

#49 sendofu_njombe
Ahsanteni sana. Hiyo ya bati sikuwahi kuiwaza.

#50 Mwana wa Loleza
Kwa hiyo lenzi? Nimesoma yote, naona 55-250 ina kura, 50 ina kura, polaraizi ina kura. Na mwezi wa kwanza nataka kwenda hifadhi ya Kitulo kwenye maua.

#51 Gangilonga
Kama ni Kitulo, 55-250. Ndege wa kule kama tandawala hawakusubiri usogee.

#52 Mama Chai
Kama ni wanao, 50. Tandawala watakuwepo mwaka kesho, mtoto wa mlangoni hatakuwa kimo hicho.

#53 Hamsini na Saba
Kama ni Kitulo, koti kwanza. Ile hifadhi iko juu, mita 2,600 na kuendelea, Januari mvua inakuja bila taarifa. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi inaishusha haraka. Na ukirudi kwenye chumba chenye moto usifungue mkoba mara moja. Iache kamera imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka ipate joto, la sivyo unyevu unatua kwenye kioo, na FundiKioo anapata mteja.

#54 Msembe
Kwa maua yenyewe lakini asinunue kitu. 18-55 STM inasogea mpaka sentimita 25 na inakuza ua kuliko 50mm, ambayo inataka 35. Alale kifudifudi, 55mm, f/8, asubiri upepo upumzike. Kitulo ina zaidi ya aina 40 za okidi, nyingine ndogo kuliko ukucha, na watu wanazikanyaga wakitafuta kubwa.

#55 FundiKioo
Apige bila ile UV. Na ule unywele auonyeshe mtu kabla ya mvua za Januari.

#56 Mwana wa Loleza
UV nimeitoa sasa hivi. Jumamosi napanda saa 6 mchana na lenzi ya kuazima ya jirani. Ikiwa na mawingu nitasogeza Jumapili baada ya ibada.

#57 Kipengere
Leta zote mbili zikiwa RAW, usiziguse kwenye kompyuta.